Mwandikie Asiyekuwepo

Chukua rekodi kama hii: "Yangeyange 12, Watamu. 3.35, 40.02. Tarehe 6/3, saa 2." Aliyeiandika aliwaona ndege wake vizuri, akawahesabu, akajaza kila kisanduku. Hata hivyo, mtu atakayeifungua akiwa Nairobi au Arusha miaka kumi baadaye hataweza kuitumia. Watamu iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yake ni -3.35. Ukiacha kile kistari cha kutoa, yangeyange wote kumi na wawili wanaondoka ufukweni na kutua kwenye nyika kavu ya kaskazini mwa Kenya, karibu na mpaka wa Ethiopia. Kistari kikiwepo lakini longitudo ikatangulia, wanatua Hispania, kusini-mashariki mwa Madrid. Na visanduku vikibaki na sifuri mbili, wanaishia majini katika Ghuba ya Guinea.

Kosa la namba hizi halionyeshi uvivu. Kenya na Uganda zimekatwa na ikweta, hivyo alama ya kutoa kwetu inabadilika kadiri unavyosafiri. Aliyezoea kuandikia Kitale hana mazoea ya kuiweka, na wa Tanzania anayevuka kwenda kuwatembelea nduguze Kampala anaweza kuiweka pasipohitajika. Kinga yake ni rahisi: ukimaliza kuingiza rekodi, itazame kwenye ramani kabla hujatoka. Usiamini namba, amini nukta. Na kama unasoma namba kutoka kwenye simu, tarakimu tatu baada ya nukta ya desimali zinakufikisha kwenye mita mia moja hivi, nne zinakufikisha kwenye mita kumi. Tarakimu saba za simu hazina maana yoyote ikiwa ulisimama barabarani na ndege alikuwa ng'ambo ya bonde.

Sasa hiyo saa 2. Hapa kuna mtego ambao vitabu vya mwongozo vilivyoandikwa Ulaya na Marekani haviutaji, kwa sababu waandishi wake hawaujui. Sisi tunahesabu saa tangu kuchomoza na kuzama kwa jua. Saa 2 asubuhi ya kwetu ni 08:00 kwenye programu ya simu. Mwangalizi akiandika daftarini "saa 2" kisha mwenzake akaingiza 2:00, yangeyange wanajikuta wanakula mchangani usiku wa manane. Mhakiki wa ng'ambo akiona hivyo atadhani ni kosa la simu, atakuuliza, nawe huenda umeshasahau. Daftarini andika saa ya kimataifa ya tarakimu nne, 0800 au 2015, hata kama mdomoni unaendelea kusema saa mbili. Kwa wanaosikiliza bundi na virukanjia tatizo linaongezeka, kwa kuwa kwa wazee wengi wa pwani usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Usiku andika tarehe zote mbili: usiku wa tarehe 13 kuamkia 14.

Tarehe nayo iandikwe kwa jina la mwezi. Ile 6/3 inaweza kuwa Machi 6 au Juni 3, na kwa yangeyange huenda isilete madhara makubwa. Lakini weka mbayuwayu wa Ulaya mahali pake. Ndege huyu anatufikia kuanzia Septemba na wengi wao wameshaondoka ifikapo mwisho wa Aprili. Machi 6 yupo kila mahali. Juni 3 ni habari ya kushangaza. Kosa moja la namna hiyo likipita, mtafiti anayechunguza kama ndege wahamaji wanabadili majira yao kwa sababu ya hali ya hewa atakuwa na ushahidi wa uongo mkononi, na hatajua.

Nimeanza na mahali na wakati kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu tunadhani ubora wa data ni suala la kutambua spishi tu. Spishi iliyokosewa lakini yenye picha, mahali na tarehe sahihi inaweza kusahihishwa na mtu yeyote baadaye. Spishi sahihi isiyo na mahali haimsaidii mtu.

Hata hivyo, utambuzi una uzito wake. Majina yetu ya Kiswahili ni mazuri na yana historia, lakini mengi hukusanya spishi kadhaa chini ya mwavuli mmoja. Yangeyange ni nani hasa? Yule anayefuata ng'ombe malishoni, au yule mwenye mdomo mweusi na vidole vya njano anayevizia samaki kwenye maji ya kina kifupi? Mwewe kwa watu wengi ni ndege yeyote mwenye makucha anayechukua vifaranga. Kwa hiyo liandike jina la Kiswahili la mahali ulipo, maana nalo ni hazina, lakini ambatisha jina la kisayansi au chagua spishi kwenye orodha ya programu. Na kama huwezi kufika kwenye spishi, simama pale ujuzi wako unapoishia. Programu nyingi zinakuruhusu kuandika jenasi au familia. Ndege wadogo wa kahawia wa nyasini, wale ambao hata waongozaji wa miaka mingi huwatambua kwa sauti kuliko kwa rangi, hawakudai uwape jina kamili kwa nguvu.

Kwa nini nashikilia hili? Tazama kunguru. Kunguru wa India, Corvus splendens, aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na tangu hapo amesambaa pwani nzima, akila mayai na makinda ya ndege wetu na kusumbua wafugaji wa kuku na wenye hoteli. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hao milioni moja. Swali kubwa kwa wanaopanga kazi kama hiyo ni mahali alipofika akielekea bara. Rekodi moja ya kunguru wa India kwenye mji wa bara ambako hakuwahi kuonekana inaweza kuwatoa watu ofisini. Ikiwa kumbe alikuwa kunguru wetu mwenye kifua cheupe aliyeonwa dhidi ya jua, fedha na siku za watu zimepotea. Tofauti si ngumu ukitulia: wa kwetu ana kifua cheupe kinachozunguka hadi ukosini, mweupe kama kanzu; wa India ni mwembamba zaidi, na shingo yake na kifua ni kijivu kinachofifia polepole kuingia kwenye weusi. Ukiona kivuli tu juu ya paa, andika "kunguru" na uishie hapo. Na ikiwa unaamini kweli umemwona wa India mahali papya, piga picha hata ikiwa mbaya, rekodi sauti yake kwa simu, andika ulichokiona kabla ya kufungua kitabu, kisha mwite mwenzako aje kuangalia siku hiyo hiyo.

Hilo la kuandika kabla ya kufungua kitabu lina uzito mkubwa. Ukishaona mchoro kitabuni, kumbukumbu yako inaanza kuufuata mchoro. Andika kwanza: ukubwa ukilinganisha na ndege unayemjua, rangi ya miguu, umbo la mdomo, alichokuwa anafanya, mwanga ulitoka wapi. Kisha linganisha.

Picha nazo zina adabu zake. Moja ya uso haitoshi. Piga ya ubavu, ya mgongo, ya miguu, na moja ya mazingira. Usiipitishe kwenye programu inayojaza maelezo kwa akili bandia, kwa kuwa programu hiyo inachora manyoya ambayo ndege hakuwa nayo, na mhakiki atahukumu mchoro wa mashine. Picha yenye ukungu iliyo ya kweli ina thamani kuliko picha kali iliyobuniwa.

Nenda Mida, ile hori iliyozungukwa na mikoko kusini mwa Watamu, wakati maji yanaanza kujaa. Ndege wa matopeni wanasukumwa karibu na wewe, na kati yao kuna vitwitwi wa mchangani wa aina zinazofanana mno. Mmoja ni mkubwa kidogo, mdomo mrefu na mzito, miguu mirefu yenye ukijani. Mwingine ana mdomo mfupi, kichwa cha mviringo, miguu myeusi zaidi. Wakisimama pamoja unawatenganisha. Akiwa mmoja peke yake, mbali, hewa ikicheza kwa joto, hata macho mazoefu husita. Tena hivi karibuni wataalamu wamemgawa yule mdogo kuwa spishi mbili, wa Siberia na wa Tibet. Rekodi zote za zamani zilizoandikwa kwa jina moja sasa zinahitaji kupangwa upya. Zenye picha zina nafasi ya kupangwa. Zisizo na picha zitabaki kwenye kapu la pamoja daima, hata kama aliyeziandika alikuwa bingwa. Elimu ya viumbe haijasimama, ndiyo maana jina peke yake halitoshi kuwa ushahidi.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipigania kuliko yote: orodha kamili.

Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya ulioanza mwaka 2013, unafuata utaratibu uliojengwa kusini mwa Afrika. Nchi imegawanywa kuwa pentadi, miraba ya dakika tano za latitudo kwa dakika tano za longitudo, yaani kama kilomita 9 kila upande. Unachagua pentadi, unaangalia kwa muda usiopungua saa mbili, unajitahidi kupita kwenye kila aina ya mazingira iliyomo, na unaandika kila spishi unayoitambua kwa kuona au kusikia, kwa mpangilio ule ule uliowapata. Baada ya hapo unaweza kuendelea kuongeza spishi mpya hadi siku tano, kisha orodha inafungwa.

Wengi wanauona mpangilio na muda kama urasimu. Ni kinyume chake. Ukiandika ndege watatu wa ajabu uliowapenda, umemwambia mtafiti kwamba watatu hao walikuwepo. Hujamwambia lolote kuhusu njiwa, shore, kwarara na chiriku. Walikosekana, au hukuwajali? Lakini ukiandika kila uliyemtambua, na ukasema ulitumia muda gani, basi kila jina lisiloandikwa nalo linazungumza. Pentadi ikiwa na orodha ishirini na kwarara yumo kwenye kumi na tano, tunajua anapatikana katika robo tatu za ziara. Baada ya miaka mingine kumi, watu wengine wakifanya ziara ishirini kwa utaratibu ule ule na kumpata mara tano tu, hapo kuna jambo limetokea, na hakuna aliyehitaji kumhesabu kwarara hata mmoja. Hesabu yote hii inasimama juu ya uaminifu wa mtu aliyeandika ndege wa kawaida siku ambayo hakuna cha ajabu kilichoonekana.

Ndege wa kawaida ndio tunaowapoteza bila kujua. Tumbusi walikuwa jambo la kila siku kwenye machinjio na kwenye mizoga ya nyika. Mwaka 2015, IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, iliziweka spishi nne za tumbusi wa Afrika, zote zikipatikana Kenya, kwenye daraja la walio hatarini mno kutoweka, sumu ikiwa miongoni mwa sababu kuu. Tunaweza kulinganisha sasa na zamani kwa sababu kuna watu waliojisumbua kuwaandika walipokuwa wengi. Atlasi ya ndege wa Kenya ya Adrian Lewis na Derek Pomeroy, iliyotoka mwaka 1989, ilitumia miraba mikubwa ya nusu digrii, kama kilomita 55 kila upande, na ilikusanya kumbukumbu za waangalizi wengi wa wakati huo. Walioandika tumbusi mwaka 1980 hawakuwa na sababu ya kudhani wanaandika kitu adimu. Jiulize leo ni ndege gani unayemruka kwa kuwa "yuko kila mahali".

Kwa wanaotumia eBird swali ni lile lile, limeandikwa tofauti: programu inakuuliza kama umeorodhesha ndege wote uliowatambua. Jibu ndiyo pale tu ambapo ni ndiyo. Kama ulikuwa unaendesha gari na umeandika tai mmoja aliyekukatiza, sema hapana. Rekodi bado ina kazi yake, lakini ya aina nyingine. Na usiunganishe safari ya siku nzima kutoka Voi hadi Malindi kuwa orodha moja. Anza mpya unaposimama mahali papya. Orodha tatu fupi zenye mahali halisi zinamfaa mtafiti kuliko moja ndefu iliyotandazwa kwenye kilomita mia na zaidi.

Kuhesabu sitakaa nako sana. Kundi kubwa lihesabu kwa mafungu: tambua kumi wanachukua nafasi gani, kisha mia, kisha pima kundi kwa fungu hilo, na uandike kwamba ni makadirio. Ndivyo wanavyofanya wanaojitolea kwenye sensa ya ndege wa majini ya kila Januari, wakikabili flamingo wa Bogoria au bata wa Naivasha. Usiandike 1,000 kwa maana ya "wengi sana". Kama hukuhesabu, programu zina alama ya kuonyesha kwamba walikuwepo tu, itumie.

Kisha kuna kuulizwa. Siku moja utapata ujumbe: rekodi yako ya tarehe fulani si ya kawaida kwa eneo hilo, tafadhali toa maelezo. Watu wanaumia. Wengine wanaacha kabisa, na hilo linanisikitisha, kwa sababu tunapoteza macho mazuri kwa ajili ya sentensi mbili zilizosomwa vibaya. Mhakiki anakuuliza kwa kuwa ameiona rekodi yako na anataka isimame. Naye mara nyingi anajitolea kama wewe, usiku, baada ya kazi yake. Mjibu kwa ulichonacho: maelezo ya daftarini, picha, sauti. Ukiwa na shaka, sema una shaka. Na wahakiki nao, hasa wale wanaowaandikia vijana wa vikundi vya vijijini, waanze na shukrani na waeleze sababu ya swali. "Haiwezekani" si maelezo.

Upande mwingine wa shilingi ni kukubali kirahisi. Kwenye iNaturalist, programu ya kurekodi viumbe wa kila aina, rekodi hupanda hadi daraja la utafiti ikiwa na tarehe, mahali, picha au sauti, na zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa majina wakikubaliana. Hapa urafiki unaweza kuharibu kazi. Mwenzako anaweka picha ya kinyonga, wewe unabonyeza kukubali ili kumtia moyo, na sasa jina lililobahatishwa limepata mashahidi wawili. Kutoka hapo linaweza kwenda GBIF, hazina ya dunia ya data za viumbe iliyoanzishwa mwaka 2001, na kuingia kwenye tafiti za watu msiowajua. Bonyeza tu ikiwa ungeweza kumtambua kinyonga huyo bila kuona jina lililoandikwa. Kutia moyo kuna njia nyingine. Mwandikie kwamba picha yake ni nzuri. Hali kadhalika majina yanayopendekezwa na mashine: mashine hizo zimefundishwa kwa picha nyingi zaidi za Amerika Kaskazini na Ulaya, nazo zinaweza kukupa mdudu wa California ukiwa Muheza. Angalia kwanza kama kiumbe huyo anaishi Afrika.

Kuna rekodi ambazo ubora wake ni kutotangazwa. Bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu unaokaribia sentimita 17, anaishi katika msitu wa Arabuko-Sokoke na sehemu chache za chini za Usambara Mashariki. Akipata mti wa kulala mchana, atakuwa hapo siku nyingi, na kila anayejua mti huo anaweza kumfikia. Iweke rekodi yako kamili kwenye mfumo, lakini ficha nukta kwa umma, na usipeleke picha kwenye kundi la WhatsApp ikiwa na jina la njia ya msituni. Kumbuka pia kwamba faili la picha ya simu linaweza kubeba latitudo na longitudo ndani yake. Viota vya tai, makao ya vinyonga wa milimani wanaotafutwa na wafanyabiashara, mapango ya popo: vyote vipewe stara hiyo hiyo. Na usimchezee ndege sauti yake kwenye spika mara kwa mara ili tu upate uthibitisho. Anaacha kula na kulinda makinda ili kumfukuza mpinzani asiyekuwepo. Ukikosa rekodi leo, ikose.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kuchagua pentadi ya nyumbani na kuifanyia orodha moja kila mwezi, mvua na kiangazi, kabla ya kufikiria safari za mbali. Nairobi kuna matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, ambako utajifunza kwa macho ya wengine. Ukishazoea, tazama ramani utafute miraba mitupu. Rekodi zetu zimerundikana kando ya lami, kwenye mbuga zenye hoteli na siku za Jumamosi. Kaskazini mwa Kenya na maeneo mengi ya ndani ya Tanzania bado yana kiu. Unapokwenda kuzika, kuoa au kusalimia wazee kijijini, beba darubini, omba ruhusa kwa mwenye shamba na kwa balozi au chifu, ueleze unachofanya, nawe utume orodha yako.

Na kama babu, mwalimu au rafiki aliacha madaftari ya ndege kabatini, usiyaache yaliwe na mchwa. Yapige picha ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuandika chochote kwenye kompyuta. Ingiza alichoandika kama alivyoandika, hata pale unapodhani alikosea, na maoni yako yaweke pembeni yakiwa na jina lako. Majina ya zamani yaache yasomeke, kisha ongeza ya sasa. Akiandika jina la kijiji tu, usibuni nukta: weka kijiji, na duara pana la kutosha kufunika mahali pote ambapo huenda aliwaona ndege siku ile. Asipoandika mwaka, tafuta kurasa zilizotangulia na zinazofuata. Ukikosa, acha wazi. Madaftari yenyewe yapeleke makumbusho yakahifadhiwe, nawe omba stakabadhi.